Geji ya Mizunguko Iliyodanganya Kila Nilipowasha Taa

Gari langu ni la mwaka 1988, la injini ya petroli yenye silinda 4, koili moja (inayozalisha umeme wa cheche) na distribyuta (inayougawa kwa silinda). Katika safari zangu kati ya Tabora mjini na Urambo, mshale wa geji ya mizunguko ya injini ulianza kurukaruka, na kila nilipowasha taa kubwa ulipanda ghafla, ingawa mlio wa injini haukubadilika hata kidogo. Fundi wa kwanza aliutazama akasema, "Mzee, geji hii imekufa, tafuta dashibodi nyingine ya mtumba." Sikukubali, kwa sababu kitu kilichokufa hakiwezi kuitikia swichi ya taa.

Geji ya gari kama hili huhesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwenye ncha hasi ya koili. Injini ya silinda 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko wa krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, hivyo silensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) ya mizunguko 750 kwa dakika ni mapigo 25 kwa sekunde. Nilichukua multimita inayosoma hezi, yaani mapigo kwa sekunde, nikaiunganisha kwenye waya unaoingia nyuma ya geji, nikapata 25 iliyotulia huku mshale ukicheza. Hapo nikajua kwamba koili na waya wake mrefu ni wazima. Anayetaka kupima hivi asiguse ncha ile kwa mkono injini ikiwaka, kwani kila mara koili inapokatiwa umeme, volti hupanda hadi mamia. Na multimita yenyewe iwe ya kuhimili kiwango hicho.

Kilichobaki kilikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi. Niliweka waya mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya dashibodi. Taa zikiwa zimezimwa ilisoma karibu na sifuri. Nilipoziwasha ikasoma volti 0.9, wakati ethi nzuri haipaswi kupoteza hata volti 0.2. Balbu za dashibodi, ambazo huwaka pamoja na taa kubwa, zilikuwa zikitumia ethi ileile ya geji, na umeme wao ulikosa njia nzuri ya kurudi. Chini ya dashibodi nilikuta bolti ya ethi hiyo imeshika kutu na vumbi jekundu. Niliisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza, na mshale ukaacha kufuata taa.

Hata hivyo, kwenye barabara ya matuta uliendelea kuanguka hadi sifuri. Nilimpelekea geji fundi redio wa sokoni, ambaye kwa lenzi yake aliona ufa mwembamba kuzunguka pini moja ya saketi, akaulehemu upya kwa dakika chache. Niliporudisha geji nilikanyaga mafuta mpaka multimita ikasoma hezi 50, na mshale ukasimama kwenye 1500.