Mstari wa kati ni upi? Kuhusu adaksheni ya vidole

Wanafunzi wa fiziotherapia ninaowasaidia katika somo la anatomia hujifunza mapema kwamba adaksheni ni kukisogeza kiungo kuelekea mstari wa kati wa mwili, na kwamba abdaksheni ni kinyume chake. Maelezo hayo yanatosha kwa mkono ulioinuliwa pembeni kisha ukarudishwa ubavuni, na kwa paja linalovutwa ndani na misuli ya upande wa kinena, ile ambayo wachezaji wa mpira huumia mara kwa mara.

Yakifika kwenye vidole, hayatoshi tena. Mstari wa kati wa kiganja hupita katika kidole cha kati, kwa hiyo adaksheni ya kidole chochote hupimwa kwa kukikaribia hicho, hata kama kwa kufanya hivyo kinauacha mwili. Mtu akisimama katika mkao wa kianatomia, viganja vikitazama mbele, kisha akavibana vidole vyake, kidole chake cha mwisho huenda upande wa nje, mbali na kiwiliwili, na bado mwendo huo ni adaksheni. Kidole cha kati chenyewe, kiende upande wowote, hufanya abdaksheni tu, kwa kuwa hakiwezi kujikaribia. Mguuni mstari huo huhamia kwenye kidole cha pili, kinachofuata kidole gumba. Kwa maoni yangu, mwalimu angetaja kwanza ni mstari upi unaohusika, ndipo afafanue mwendo.

Kidole gumba cha mkono kina utaratibu wake, kwani adaksheni yake hukirudisha kwenye kiganja kutoka mbele, wala si kutoka pembeni. Msuli unaofanya kazi hiyo hupata amri kutoka neva ya ulna, ile ipitayo nyuma ya kiwiko, ilhali misuli mingi ya jirani yake hutegemea neva ya kati, yaani neva nyingine ya mkono. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kipimo kilichoelezwa mwaka 1915 na daktari Mfaransa Jules Froment: mgonjwa hubana karatasi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na mpimaji huivuta. Neva ya ulna ikiwa dhaifu, adaksheni hushindwa, na mgonjwa hukunja ncha ya kidole gumba ili karatasi isimponyoke, akitumia msuli mrefu wa kukunja unaotawaliwa na neva ya kati.