Daftari Ninalomwandikia Mwanangu

Jumapili usiku

Leo mwanangu amesoma mistari minne ya kitabu chake cha darasa la tatu bila kulia. Ametumia karibu dakika 10, lakini mwaka jana wakati kama huu mistari hiyo ingetumalizia jioni nzima, yeye akitoa machozi na mimi nikifoka.

Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, humtaka mtoto awe amejua kusoma anapomaliza darasa la pili. Wangu alikuwa hajui, na kila nilipoitwa shuleni niliambiwa kwamba ni mvivu na hasikilizi. Niliyaamini maneno hayo kuliko nilivyomwamini mtoto, ambaye kila asubuhi alilalamika kwamba tumbo linamuuma. Nilimnyima kucheza, nikamrudisha kwenye sentensi ileile mara kadhaa, na siku moja nikamchapa kofi kwa sababu ya neno "baba", ambalo alilisoma "dada" mara tatu mfululizo. Kofi lile linaniuma mpaka leo.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa elimu maalumu aliyesomea Chuo cha Patandi, Arusha. Nilimpelekea mtoto, naye akaanza na mimi: anachanganya herufi zipi? Anakosea zaidi akiwa amechoka? Akisimuliwa hadithi, anaielewa? Akiitwa kutoka chumba cha pili, anasikia? Sikuwa na jibu hata moja. "Mama, kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio," aliniambia. "Kisha nunua daftari, uandike unachokiona, usiandike unachokidhania."

Macho na masikio yalikuwa salama. Daftari ninalo hapa mezani, na ukurasa wake wa kwanza unasema: "Amechanganya b na d mara sita. Amekwama kwenye mb, nd na ng'." Kurasa chache mbele nimeandika: "Nimemsimulia hadithi ya sungura na fisi, naye amenirudishia yote, hata sehemu niliyoiruka." Mwalimu alipousoma ukurasa huo alitabasamu, akanieleza kuhusu disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake, ambao hautokani na uvivu wala upungufu wa akili na mara nyingi hufuata ukoo. Baba yake aliposikia hilo la ukoo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema ndiyo sababu hata leo huniomba nimsomee barua za ofisini.

Kiswahili humhurumia mtoto wa namna hii, kwa kuwa kwa kawaida husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto hulifikia neno, ila hulifikia kwa kuchelewa, akiwa ameshasahau mwanzo wa sentensi. Kiingereza, ambacho herufi zake hubadilika sauti kila mara, humtesa zaidi.

Siku hizi tunakaa dakika 15 tu, baada ya chai ya jioni. Namwagia unga kidogo kwenye sinia, naye anaichora b kwa kidole huku akiitamka kwa sauti, anaufuta, anaichora tena. Silabi tumeziandika kwenye vipande vya boksi la sabuni. Akisoma kitabu, tunaifunika mistari ya chini kwa kipande cha karatasi ngumu ili jicho lisipotee. Dakika zikiisha tunafunga, hata kama neno halijakamilika.

Shuleni ndiko kulikonipa kazi zaidi. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, ulioanza mwaka 2021/22, unataka mtoto mwenye mahitaji maalumu asome pamoja na wenzake na asaidiwe humo humo darasani, lakini mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake, asipoelezwa lolote na mzazi, hana pa kuanzia. Mwalimu wa darasa wa mwaka huu nilimwonyesha daftari. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akakubali kumhamishia mbele, kumuuliza maswali kwa mdomo na kutomsimamisha asome mbele ya wenzake kabla hajajiandaa.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni upimaji wa darasa la nne, mwakani. Kesho nitakwenda kwa mwalimu mkuu kumuuliza ni utaratibu gani unaofuatwa ili mtoto kama huyu aongezewe muda, na ombi linatakiwa kupelekwa lini. Daftari nimeshaliweka kwenye mkoba.