Nilivyomaliza jukwaa la mawe la jiko la kuni

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama mkwe wangu tunaishi naye, na magoti yake ndiyo yaliyotufanya tuweke jiko la kuni la chuma sebuleni. Sakafu yetu ni ya mbao, kwa hiyo lilihitaji jukwaa la mawe chini yake.

Fundi alipigilia bodi za simiti, akazitokeza sentimita 45 mbele ya mlango wa jiko, ili cheche ikiruka isiangukie mbao. Kisha akaitwa kazi nyingine Nakuru. Rundo la mawe ya Mazeras likabaki kibarazani, na mvua nayo inanyesha. Nikaamua kumaliza mwenyewe.

Mawe yale hayalingani unene. Niliyapanga kwanza bila gundi, nikaanza kubandika yale manene, maana jembamba unaliongezea gundi chini yake, lakini nene utalipunguzaje? Gundi nilipaka kwenye bodi na mgongoni mwa kila jiwe, nikagonga kwa nyundo ya mpira huku pimamaji iko juu. Jiwe likilia kama kopo tupu, chini kuna hewa. Niling'oa manne kabla gundi haijashika, nikayarudia.

Nilikosea kwenye kujaza viungo, yaani nafasi kati ya mawe. Mazeras ni jiwe la mchanga, linakunywa. Nilijaza pembe moja kabla ya kupaka dawa ya kuzuia maji, na grauti, ule uji wa simiti wa kujazia viungo, ya kijivu, ikazama ndani ya jiwe la rangi ya asali. Nikasugua kwa brashi na maji ya moto, wapi! Nikampigia fundi.

"Mama, hukulipaka dawa kwanza?"

"Sikupaka, fundi."

"Basi simama hapo hapo. Liache likauke kabisa, paka dawa mara mbili, ndiyo uendelee."

Nikafanya hivyo, na pembe tatu zilizobaki zilitoka safi. Ile ya kwanza ina kivuli hadi leo. Kikapu cha kuni kinakaa hapo. Kati ya mawe na mbao za sakafu nimeacha mwanya mdogo, kwani mbao hutanuka na kunywea, na ukiibana itapasua grauti.

Kilichokaribia kunishinda ni kungoja. Watoto waliuliza kila jioni, baridi nayo haikusaidia, lakini maji yaliyobaki kwenye gundi yakipata moto mkali ghafla, mawe huachia. Nilikaa wiki mbili. Moto wa kwanza ulikuwa vijiti vichache vya muwati, nikauacha uzimike wenyewe. Kesho yake nikaongeza kidogo, nikapitisha mkono kwenye kila kiungo: hakuna ufa.

Siku ya tatu nilijaza jiko. Mama mkwe akavuta kigoda chake, akavua soksi, akaweka nyayo juu ya jiwe lililopata joto, na chai yake akaitisha pale pale.