Kumfundisha mtoto anga la usiku: anza na Mwezi, majina ya sayari yasubiri

Vitabu vingi vya watoto kuhusu anga hufunguliwa kwa picha ileile: Jua pembeni mwa ukurasa, sayari nane zimepangwa mstari mmoja, kila moja na rangi yake. Mtoto wa miaka sita huikariri kwa siku mbili tatu. Anataja majina yote bila kukwama, lakini Zuhura ikiwaka juu ya paa la jirani hawezi kukuonyesha. Utaratibu unaozaa matunda ni wa kinyume. Kwanza aone kwa macho yake, kisha acheze na mfano anaoushika mkononi, na majina yaje mwisho.

Kwa watoto wa Afrika Mashariki ipo sababu nyingine ya kuviweka vitabu hivyo kando kidogo. Vingi vimechorwa na watu wanaoishi mbali kaskazini. Mwezi mchanga wao umesimama wima, wetu umelala chali pembe zikitazama juu, kama dau. Nyota ya Kaskazini, ambayo kwao ndiyo somo la kwanza, ukiwa Nairobi au Dar es Salaam iko chini ya upeo na huwezi kuiona kamwe. Lakini tuna neema ambayo wao hawana. Dar es Salaam na Nairobi Jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na dakika 75 hivi baada ya hapo giza limekamilika. Saa 2 usiku mtoto bado yuko macho na nyota zote zimetoka. Mzazi wa London mwezi Juni angengoja mpaka usiku wa manane, na hata hapo anga lisingekuwa jeusi sawasawa.

Wiki nne za Mwezi

Anza siku ya pili au ya tatu baada ya Mwezi kuandama. Chagua sehemu moja, ukingo wa baraza au mlango wa nyuma, na saa moja isiyobadilika, tuseme saa 1 usiku. Mtoto achore vitu viwili tu daftarini: umbo la Mwezi, na kitu kilichopo chini yake, iwe mnazi, mnara wa simu au tangi la maji la jirani. Dakika tano zinatosha. Kesho yake, saa ileile, Mwezi utakuwa umesogea kuelekea mashariki kwa upana wa ngumi moja na kidole. Anyooshe mkono, afumbe ngumi, afumbe jicho moja, apime mwenyewe. Ngumi iliyonyooshwa mbele ni nyuzi 10 hivi, na kipimo hicho kinamfaa hata mtoto, kwa sababu mkono wake mfupi una ngumi ndogo.

Siku ya saba Mwezi utakuwa nusu, na Jua linapozama utakuwa karibu utosini. Siku ya 14 au 15 unachomoza mashariki Jua likizama magharibi. Hapa ndipo wengi huharibu: Mwezi mpevu ukishapita, unachomoza kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, mtoto anakuwa amelala, daftari linafungwa. Anachobaki nacho ni kwamba Mwezi ni kitu cha usiku. Usifunge. Hamisha zoezi lije asubuhi. Siku ya 22 hivi, saa 12 asubuhi mtoto anapojiandaa kwenda shule, nusu Mwezi iko juu kabisa, na bado itaonekana Jua likiwa limeshatoka. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu. Familia zinazofuata mwezi mwandamo kwa ajili ya Ramadhani na Idi wanajua hilo tayari, na mtoto wao anaweza kuulizwa: kwa nini mwezi mmoja una siku 29 na mwingine 30?

Daftari likijaa, ingieni ndani na taa. Mnahitaji balbu ya LED ya wati 5 hadi 7 isiyo na kifuniko, iwe usawa wa kichwa cha mtoto, na chumba chenye giza. Kuta nyeupe zikiwa karibu hurudisha mwanga na upande wa giza haukolei, kwa hiyo simameni katikati ya chumba, mita mbili kutoka kwenye taa. Koroboi au mshumaa usitumie, watoto wanazunguka na nguo zinaning'inia. Mwezi wenyewe uwe kiazi mviringo cha sentimita 5 hivi kilichopakwa chaki nyeupe, kimechomekwa kwenye penseli. Mpira wa tenisi ya meza unapendwa sana, lakini hupenyeza mwanga, na upande uliotakiwa uwe mweusi unang'aa.

Mtoto ndiye Dunia. Ashike kiazi kwa mkono ulionyooshwa, juu kidogo ya kichwa, aitazame taa, kisha ageuke polepole kuelekea kushoto huku macho yakibaki kwenye kiazi. Ataona hilali upande wa kulia, halafu nusu, na akiwa ameipa taa mgongo, duara zima. Akikishusha kiazi usawa wa kichwa atakifunika kwa kivuli chake, na huko ni kupatwa kwa Mwezi. Tofauti hiyo aione kwa mkono wake, kwa sababu hata watu wazima wengi wanaamini kwamba Mwezi unapungua kwa kuingia kwenye kivuli cha Dunia. Kivuli kina kazi siku ya kupatwa tu, na hakuna kupatwa kila mwezi kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5, sawa na kile kiazi kilichoinuliwa.

Mtoto makini atalalamika kwamba hilali ya kiazi imesimama na ya nje imelala. Mwambie ailaze kichwa kwenye bega la kushoto. Hilali italala. Alipokuwa wima, utosi wake ulikuwa Ncha ya Kaskazini. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumesimama ubavuni mwa Dunia.

Taa ileile inafundisha usiku na mchana. Anyooshe mikono yote miwili, wa kushoto ni mashariki, wa kulia magharibi, pua ni nyumbani. Akigeuka kushoto, taa inaingia upande wa mkono wa mashariki na kutokea upande wa magharibi. Taa haijasogea hata kidogo.

Uwanja wa mpira

Ukubwa na umbali ni masomo mawili, na picha ya kitabu huyachanganya yote kwenye ukurasa mmoja. Anza na Dunia na Mwezi. Mpira wa tenisi una kipenyo cha sentimita 6.7, na gololi ya kawaida ya milimita 16 hivi inakaribia sana ukubwa wa Mwezi wake. Mpe mtoto gololi aiweke anapodhani Mwezi upo. Wengi huiweka shubiri moja au mbili. Kisha chukua uzi, uzungushe mpira mara tisa na nusu, unyooshe: ni mita 2. Kilomita 384,400 ndiyo hiyo.

Kwa mfumo mzima wa Jua, sentimita moja iwe kilomita 100,000. Jua ni balungi la sentimita 14, liwekeni kwenye mstari wa goli. Zebaki ni chembe ya sukari karibu mita 6 mbele yake, pembeni kidogo ya mstari wa boksi dogo. Zuhura ni punje ya ulezi kwenye nukta ya penalti, mita 11. Dunia ni punje nyingine ya ulezi mita 15, kabla hujatoka kumi na nane. Mirihi, nusu ya punje hiyo, mita 23. Baada ya hapo mnatembea na kutembea. Mshtarii ni gololi kwenye mita 78, mnakaribia kumi na nane ya upande wa pili. Zohali ni njugu mawe mita 143, nje ya uwanja. Uranus na Neptune ni choroko mbili, moja mita 290 na nyingine mita 450, huenda sokoni au kituo cha basi. Gundisha kila punje kwenye kadi kubwa kwa gamu na uandike jina, la sivyo ulezi utapotea kwenye nyasi kabla hamjafika katikati. Watoto wadogo wataishia Mshtarii, na si neno. Watakuwa wameshaona kwamba mfumo wa Jua ni uwazi mtupu wenye punje chache.

Majina yana fujo yake. Vitabu vingine huiita Zohali ile sayari yenye pete, vingine huiita Sarateni na jina Zohali hulipa Uranus. Shikeni orodha moja, na shule ikiwa na nyingine mtoto azijue zote mbili. Babu akisisitiza kuwa sayari ni tisa, hakukosea enzi zake: Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006.

Nyota za kuanzia

Usimpe mtoto makundi kumi. Mpe manne. Januari hadi Machi, saa 2 usiku, nyota tatu za mshipi wa Orion ziko juu, zimejipanga sawasawa. Mshipi huo huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, kwa hiyo unatumika kama dira. Pembeni mwake upande mmoja kuna Betelgeuse yenye wekundu, upande wa pili Rigel yenye weupe wa samawati. Muulize ipi ina joto zaidi. Karibu wote husema nyekundu, na jibu ni Rigel. Msimu huohuo kuna Kilimia, kishada kidogo ambacho wakulima wa pwani walikitumia kujua msimu wa kulima. Mhesabie: wengi huona nyota sita.

Aprili hadi Juni, tazameni kusini, ngumi tatu hadi nne juu ya upeo: Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake zipo nyota mbili zinazoelekea Msalabani. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, ambayo pia inang'aa zaidi, ni Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani yetu kuliko yote. Kwa kipimo cha balungi, ukiwa umeliweka Dar es Salaam, balungi la pili lingekuwa mbele kidogo ya Maskati, zaidi ya kilomita 4,000. Mwanga wake husafiri miaka 4 na miezi kadhaa. Mtoto wa miaka sita anaona leo mwanga ulioondoka huko kabla hajatimiza miaka miwili. Julai hadi Septemba ni zamu ya Nge, mkia wake umepinda kabisa na moyo wake, Antares, ni mwekundu.

Sayari haimetimeti kama nyota, mwanga wake umetulia, na daima iko kwenye njia ambayo Jua na Mwezi hupita. Zuhura haiendi zaidi ya nyuzi 47 kutoka kwenye Jua, hivyo mtu akikuambia ameiona saa 6 usiku, ameona kitu kingine. Kujua sayari gani ipo wiki hii, programu ya bure ya Stellarium inatosha. Itazame wewe kabla ya kutoka, simu ibaki ndani. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na skrini moja huyarudisha mwanzo. Tochi ivalishwe puto jekundu, na ikiwa bado ni kali, la pili juu yake.

Kununua darubini

Usinunue ile yenye boksi lililoandikwa "inakuza mara 525". Lenzi ya milimita 60 kikomo chake ni mara 120 hivi, na miguu yake ya bati hutetemeka mtoto akipumua. Fedha hiyo inunue darubini ya macho mawili, 7x35 au 10x50 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Milima ya Mwezi, makumi ya nyota za Kilimia, na miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, vyote vimo, mradi iegemezwe kwenye ukuta au ngazi. Kabla ya kulipa, ikunje mpaka mwisho: macho ya mtoto yamekaribiana, na darubini nyingi za watu wazima hazifiki. Akisema anaona duara mbili, atumie jicho moja tu. Pete za Zohali hazitaonekana humo, mwambie mapema.

Na Jua, mchana

Simamisha fimbo ya sentimita 50 mahali pa wazi. Dar es Salaam mwezi Juni, kivuli cha mchana kati huelekea kusini, sentimita 29. Desemba huelekea kaskazini, sentimita 15. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu Oktoba 10, hakipo kabisa. Msikitege saa 6 kamili: Machi huisha saa 6:35 hivi, Oktoba saa 6:10.

Jua lisitazamwe moja kwa moja, na kwa darubini ndiyo kabisa, hata nukta moja ya sekunde. Toboa kadi kwa pini, ishike juu ya karatasi nyeupe kivulini, mita moja kutoka kwenye karatasi, na taswira ya Jua itatokea ikiwa na upana wa milimita 9. Zoezeni sasa, kwa sababu Agosti 2, 2027 Jua litapatwa lote Luxor, Jeddah na Makka, na Afrika Mashariki sehemu yake. Siku hiyo kiduara cha milimita 9 kitaonekana kimemegwa, na mtoto anaweza kukizungushia penseli palepale kwenye karatasi kila baada ya dakika 10.