Kutoka Malaba hadi Mbale: Kuzisoma Mahakama za Zamani za Saza

Kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Mbale ni kilomita kama 60, lami mwanzo mwisho, na matatu hazikosekani. Mimi niliipita njia hiyo polepole, nikishuka kila palipo na jengo la mahakama la zamani. Majengo haya yanaharibika kwa sababu inayozuilika kabisa: yanakarabatiwa kwa saruji.

Tororo ndiyo pa kuanzia. Mwamba wake unauona kutoka mbali, na mji wenyewe ulikuzwa na reli. Tawi la Soroti, linalopita Mbale, lilikamilika 1929, na njia kuu ikafika Kampala 1931. Kusini mwa mji kuna vilima vya Sukulu, vyenye mawe ya chokaa. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza miaka ya 1950. Kabla ya hapo saruji ililetwa kutoka nje kwa gharama, kwa hiyo fundi alijengea chokaa. Miaka hiyo ya kiwanda iweke akilini unapokagua ukuta wowote kwenye barabara hii.

Jengo nililokaa nalo muda mrefu zaidi liko katika mji mdogo upande wa Mbale. Zamani lilikuwa baraza la chifu wa saza, yaani kaunti. Ukumbi ni mmoja, mrefu, wa tofali za kuchoma. Mbele kuna kibaraza kipana ambapo wenye kesi walingoja kivulini, na juu ya madirisha kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Ndani, jukwaa la hakimu limeinuka hatua moja tu. Kizimba cha mshitakiwa kimepigiliwa misumari juu ya sakafu nyekundu. Ukiinama utaona mbao zake ni za msonobari, ilhali milango na kenchi ni mvule. Maana yake kizimba kililetwa baadaye.

Historia inaeleza kwa nini. Amri ya 1902 iliunda Mahakama Kuu na kuleta sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 11 Agosti mwaka huo. Makosa ya jinai yaliendelea kuhukumiwa kwa kanuni ya adhabu ya India hadi 1930, Uganda ilipopata yake. Hizo zilikuwa mahakama za serikali ya kikoloni. Pembeni yake zilikuwapo mahakama za wenyeji. Huku mashariki utaratibu wa saza na gombolola (sehemu ndogo ya saza) uliletwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita kutoka Buganda, na maajenti wake Waganda waliomfuata tangu 1899, ndiyo maana Kiganda kilikuwa lugha ya utawala hata kwa Wagisu na Wapadhola. Chifu alikusanya kodi, alisimamia barabara, na siku ya baraza alihukumu akiwa na wazee: mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe walioibwa. Kesi ya mauaji haikuwa yake, wala ya Mzungu au Mhindi. Chifu na wazee wake walikaa meza moja ndefu, na mshitakiwa alisimama mbele yao bila kizimba. Sheria ya mahakama za mahakimu ya 1964 ilipounganisha mifumo hiyo miwili, kumbi za machifu zikageuzwa mahakama za serikali, na seremala akaitwa.



Sasa ukuta. Kwaruza kiungo cha tofali kwa ncha ya msumari. Mota ya chokaa inatoka unga mweupe; ya saruji inakataa, na msumari unateleza. Hapo nilipo kuta zote zilikuwa chokaa, isipokuwa mita moja ya chini, iliyopigwa lipu ya saruji. Nia ilikuwa kuzuia unyevu, na matokeo ni kinyume. Maji yanayopanda kutoka ardhini yalikuwa yakitokea kwenye viungo vya chokaa. Yakizibwa, yanapanda juu ya lipu na kutokea kwenye tofali lenyewe, yakiacha chumvi nyeupe. Chumvi inapokauka inavimba na kumenya uso wa tofali. Hapa tofali za juu ya lipu zimeliwa hadi kina cha kidole, na za chini, ukigonga lipu, unasikia uwazi.

Dawa inajulikana. Bandua lipu kwa patasi ndogo, bila mashine, kwani mashine inapasua kingo. Safisha viungo hadi sentimita 2 au 2.5, lowesha, kisha jaza mota ya chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, fungu 1 kwa mchanga 3. Funika kwa gunia la maji kwa siku kadhaa. Chokaa inakomaa polepole kwa hewa; ikikaushwa na jua inabaki vumbi. Kabla ya yote hayo rudisha mitaro ya maji ya mvua, la sivyo unatibu homa na kuacha mbu.

Paa nalo lina kisa. Vigae vya Mangalore, vya udongo wa kuchoma, huwa kama 15 kwa mita ya mraba, kila kimoja kilo mbili na zaidi, hivyo mita moja hubeba kilo 30 hadi 40. Vikiondolewa na kuwekwa mabati ya geji 28, uzito unashuka chini ya kilo 5, na paa lililokuwa likishikiliwa na uzito wake sasa linaweza kung'olewa na upepo. Eneo la Tororo liliwahi kurekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Usiezeke bati hapa bila kufunga kenchi kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma, na papi kwenye kenchi kwa misumari ya kukunja.

Kwa atakayetaka kuingia: omba kibali kwa hakimu mwenyewe, au kwa karani wa masjala kabla vikao havijaanza asubuhi. Daftari za zamani, ukibahatika kuonyeshwa, nyingi ni za Kiganda, kwa hiyo njoo na anayekisoma vizuri. Uliza zinawekwa wapi. Zikiwa zimeegemezwa ukutani, waombe wazisogeze mbali kidogo na kuziinua juu ya mbao, maana mchwa huja kupitia ukuta huo huo wenye unyevu. Picha piga nje tu, na kamwe si wakati washitakiwa wanapitishwa kibarazani.