Fimbo ya mbali

Asubuhi ya tarehe 6 Februari 2023 niliamka nikakuta simu imejaa picha za majengo yaliyolaliana kama karata. Tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilikuwa limepiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri kwa saa za huko, watu wakiwa bado vitandani, na baada ya saa tisa hivi likafuata jingine la 7.5. Sikuwa na ndugu huko wala rafiki, na sikuwahi kufika. Hata hivyo siku nzima sikutulia. Nilitaka kufanya jambo, lolote lile, mradi nisiwe mtu wa kutazama tu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa miaka mingi niliichukulia methali hiyo kuwa ni ya kukatisha tamaa, maneno ya mtu anayetafuta sababu ya kukaa kitako. Siku hizi naisikia kama maelekezo. Ikiwa nyoka ameingia nyumba iliyo ng'ambo ya bahari, hakuna haja ya kuhangaika namna ya kurefusha fimbo yangu. Inafaa niulize ni nani aliye karibu na nyoka huyo, na kama ana fimbo mkononi.

Jambo la kwanza ambalo mtu wa mbali anapaswa kulikubali, hata kama linauma, ni kwamba hatamtoa mtu yeyote chini ya kifusi. Baada ya matetemeko, wengi wa wanaotolewa wakiwa hai hutolewa katika saa za mwanzo na watu waliokuwa hapo hapo: jirani, shemeji, mwanafunzi wa ghorofa ya pili, kwa mikono mitupu, kwa sururu, kwa jeki ya gari. Vikosi vya kigeni vyenye mbwa na mitambo ya kunasa sauti chini ya zege hufika baada ya siku moja au mbili, wakati matumaini ya kumpata mtu hai yamekwisha kupungua sana. Nilipolielewa hili haraka yangu ilipungua, na naamini haraka ndiyo mama wa makosa mengi ya watu wema. Kazi inayobaki kwa aliye mbali ni ya wiki, miezi na miaka, na haiharibiki kwa kufikiriwa hadi kesho asubuhi.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, mimi na wenzangu kazini tulitangaza kwamba tunakusanya nguo. Katika siku nne chumba kidogo cha mikutano kilijaa mifuko hadi mlango ukawa haufunguki vizuri. Tulipoanza kuchambua tulikuta makoti mazito ya baridi, ambayo hayana kazi katika nchi ya joto kama Haiti, suti ya harusi, viatu vya mguu mmoja, na nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Hakuna aliyetoa kwa nia mbaya. Kila mmoja alitoa kilichozidi kabatini, na hapo ndipo tulipokosea tangu mwanzo, kwa kuwa tulijiuliza tuna nini cha ziada kabla ya kuuliza wenzetu wamepungukiwa na nini. Kisha tukaulizia gharama ya kusafirisha, nayo ilizidi thamani ya nguo zote kwa mbali. Shirika moja tulilolipigia simu lilitujibu kwa adabu kubwa kwamba halipokei nguo. Mifuko ilikaa pale hadi mwezi wa Mei, tukaishia kuigawa kwa watu wa hapo hapo tulipokuwa, ambao hawakuwa wamepatwa na tetemeko lolote.

Afadhali haikufika. Uwanja wa ndege wa Port-au-Prince ulikuwa na njia moja tu ya kurukia na kutulia, na bandari ilikuwa imeharibika vibaya, kwa hiyo kila mzigo usiohitajika ulichukua nafasi ya mzigo uliohitajika. Tena mzigo haujifungui wenyewe. Unahitaji watu wa kuupakua, lori, mafuta, ghala, karatasi za forodha na mtu wa kuamua nani apewe nini, na vitu vyote hivyo ndivyo ambavyo janga huwa limevipunguza. Watoa misaada wa muda mrefu wana jina la mafuriko haya ya vitu: wanayaita maafa ya pili.

Mfano ambao sijaweza kuusahau ni wa Armenia. Tetemeko la Desemba 1988 liliponyamaza, dunia ilituma dawa na vifaa vya tiba tani 5,000. Watu 50 walifanya kazi miezi sita ili tu kujua ni nini kilicholetwa; asilimia 8 ilikuwa imepitwa na muda wa matumizi ilipofika, asilimia 4 iliharibiwa na baridi kali, na sehemu kubwa ya iliyosalia ilikuwa na majina ya kibiashara ambayo madaktari wa huko hawakuyatambua kwa urahisi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutoa dawa kwa msaada, unaosema mambo ambayo mtu angedhani hayahitaji kusemwa: dawa iwe imeombwa, maandishi yake yawe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa nchi inayopokea, na iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha. Hata hivyo, baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea takriban tani 4,000 za dawa, na zaidi ya nusu yake hazikuwamo katika orodha ya dawa muhimu za taifa. Dawa za namna hiyo haziwezi kumwagwa mtoni wala kuchomwa kwenye shimo lolote. Kuziteketeza kwa usalama ni gharama, na gharama hiyo humwangukia aliyefiwa.

Ndiyo maana siku hizi natuma fedha, hata kama ni kidogo kiasi cha kunitia haya. Fedha haihitaji ghala. Hubadilika kuwa hema leo na kuwa bati mwezi ujao, na inaponunua unga au mablanketi katika mji wa jirani na eneo la maafa, humwinua pia mfanyabiashara wa pale, ambaye shehena ya nguo za bure ingemfungia biashara. Inapowezekana ikafika mikononi mwa manusura wenyewe, ni bora zaidi, kwa sababu mama mwenye watoto wanne anajua kama anahitaji maziwa, nauli au dawa ya pumu kuliko kamati yoyote inayokutana mbali naye. Kuhusu udogo wake, Haiti ilinifundisha: Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 30 kwa ujumbe mfupi wa simu, kila ujumbe ukiwa dola 10.

Najua pingamizi, maana nimelisikia kila mara: fedha huliwa njiani. Ni kweli huliwa, na vitu pia huibwa, ila wizi wa makoti haumuumizi mtoaji kwa sababu haonyeshwi hesabu yake. Mimi hujiuliza maswali machache kabla ya kutuma. Je, chombo hiki kilikuwapo kabla ya janga, au kimezaliwa nalo? Je, kilikuwa na watu wake katika eneo lile tangu awali? Je, kinachapisha hesabu zake? Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, kwa mfano, vipo karibu kila nchi, na wanaojitolea humo ni wenyeji wa pale pale. Hao ndio wenye fimbo karibu na nyoka. Akaunti iliyofunguliwa jana, yenye picha ya mtoto anayelia na maneno ya kuharakisha, huiacha ipite. Matapeli husoma habari kama sisi, na huwa wepesi kuliko mashirika.

Kuna jambo jingine kuhusu fedha ambalo wengi hawalijui. Mchango uliofungwa kwa janga moja hauwezi kutumika penginepo bila idhini ya mtoaji. Mwanzoni mwa Januari 2005, siku chache tu baada ya tsunami, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba wamepokea fedha za kutosha kwa kazi waliyoweza kuifanya katika maeneo yale, wakawaomba watu waache kuchangia janga hilo. Baadaye waliwaandikia waliokwisha kutoa wakiomba ruhusa ya kuzihamishia kwenye dharura nyingine, na walio wengi kabisa wakakubali. Wakati ule baadhi ya mashirika yalikasirika, yakiona kwamba tangazo hilo lingewapoza watoaji. Mimi naliona kuwa moja ya matendo ya uaminifu zaidi katika kazi hii, na tangu niliposoma habari hiyo huwa naandika kwenye mchango wangu kwamba utumike panapohitajika zaidi. Kamera huenda mahali pamoja. Maafa hayafuati kamera.

Asiye na fedha kabisa, au anayetaka kufanya jambo kwa mikono yake, ana njia ambayo kizazi kilichotangulia hakikuwa nayo, nayo ni kuchora ramani. Haiti ilipotikisika, OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, ilikuwa karibu tupu katika mitaa ya Port-au-Prince. Katika siku chache mamia ya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga kisiwa hicho, walichora barabara, madaraja na kambi za waliokosa makao kwa kufuatisha picha za setilaiti, na ramani yao ikatumiwa na waokoaji waliokuwa ardhini. Kutokana na kazi hiyo mwaka huo huo ulizaliwa mtandao wa wachoraji wa kujitolea uitwao Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014 ukaja mradi wa Missing Maps, unaochora maeneo yenye hatari kabla hayajapatwa na janga, jambo ambalo naliona la hekima zaidi.

Nilijifunza kazi hii kwa jioni mbili. Unafungua akaunti, unachagua kazi iliyoombwa, unapewa mraba mdogo wa picha iliyopigwa kutoka angani, kisha unazungushia mstari kila paa unaloliona. Baadaye mchoraji mzoefu huikagua kazi yako na kusahihisha. Mimi niliambiwa kwamba nimechora vivuli vya miti nikidhani ni nyumba. Ni kazi ya kuchosha macho na haina picha ya kujionyesha nayo kwa marafiki. Lakini paa huwa na watu chini yake, na anayepanga kugawa chanjo au maji anahitaji kujua mapaa ni mangapi na njia ya kuyafikia iko upande gani wa mto.

Kuhusu kusambaza habari nitasema machache. Kila janga huja na video za janga la zamani, na kila mara tunazipokea kama mpya. Kabla ya kutuma, angalia tarehe, angalia nani aliyeiweka kwanza, na kama huwezi kujua, iache. Uvumi wa bwawa linalokaribia kupasuka unaweza kuwakimbiza watu waache makazi salama. Uvumi mwingine ni kwamba miili ya waliokufa kwa mafuriko au tetemeko itazusha magonjwa ya mlipuko; wataalamu wa afya wamelikanusha hilo kwa miaka mingi, na bado uvumi huo huwafanya watu wazikwe kwa pupa bila kutambuliwa, familia zikabaki zinasubiri mtu asiyerudi.

Zaidi ya hapo, huenda unamfahamu mtu mmoja anayetoka huko: mwenzako darasani, muuguzi, mteja. Huyo hayuko mbali. Nilimpigia simu mwanamke mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja, Msyria, bila kujua la kumwambia, nikaishia kumpa pole na kunyamaza. Yeye alizungumza kwa muda mrefu kuhusu baraza la nyumba ya bibi yake. Sikumuuliza idadi ya waliokufa, naye hakuitaja.

Nawasihi vijana wenye afya na muda wasipande ndege kwenda kusaidia bila kuitwa, kwa kuwa asiye na ujuzi unaotakiwa atakula chakula cha mwenye njaa na kulala kwenye hema la asiye na nyumba. Na suala la kuwachukua watoto "yatima" waletwe penye neema ni la kuogopwa kabisa. Mwishoni mwa Januari 2010 kikundi cha Wamarekani kilikamatwa kikijaribu kuwavusha watoto 33 wa Haiti kwenda Jamhuri ya Dominika. Ilikuja kubainika kwamba wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai. Mtoto aliyepotezana na wazazi kwa wiki mbili anahitaji wa kumtafutia wazazi wake.

Kwa upande wangu, tangu tetemeko lile la Uturuki na Syria, ninaugawa mchango mara mbili. Nusu ya kwanza niliituma siku ya tatu, baada ya kusoma na kuuliza. Nusu ya pili niliiwekea alama katika kalenda ya simu, tarehe 6 Agosti, bila maelezo mengine zaidi ya neno "Februari". Simu ilipolia siku hiyo ilinichukua muda kukumbuka neno hilo lilimaanisha nini. Nikatafuta habari za huko katika kurasa za mbele za magazeti matatu, sikuziona. Nikateremka ndani zaidi, nikakuta kwamba maelfu kwa maelfu ya familia bado ziliishi katika makontena na mahema, kwenye joto la kiangazi. Nikatuma, kisha nikaandika tarehe nyingine.