Kona ya kulia: ninavyotazama baleti kwenye majumba makubwa kwa tiketi ya bei ya chini

Nilipoanza kusafiri kuifuata baleti, kila mtu alinipa ushauri ule ule: jibane mwaka mzima, nunua kiti cha chini safu za mbele, la sivyo baki nyumbani utazame kwenye skrini. Ni ushauri wa watu wanaoichukulia baleti kama tamthilia. Safu za mbele ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kutazamia sehemu ya pili ya Swan Lake. Ukingo wa jukwaa unakaribia usawa wa macho yako, kichwa cha kiongozi wa okestra kinakukata katikati, wachezaji wa nyuma wamefichwa na wa mbele, na miguu, ambayo ndiyo uliyoilipia, inaishia kwenye kifundo. Utaona jasho na utasikia viatu vikigonga mbao, lakini mchoro huuoni.

Na baleti ya karne ya 19, kwa sehemu kubwa, ni mchoro. Mtunzi Lev Ivanov alipotunga sehemu za ziwani za Swan Lake kwa toleo la 1895 la St. Petersburg, alipanga mabata maji wake kwa mistari inayofunguka na kufunga, na mistari haisomeki ukiwa usawa wake. La Bayadère ni hivyo hivyo, tena zaidi. Kwenye tukio lake la Ufalme wa Vivuli wanawake 32, au 24 kwa matoleo mengine, wanashuka mteremko mmoja mmoja nyuma ya jukwaa, kila mmoja akirudia arabeski ile ile, yaani kusimama kwa mguu mmoja na kuunyoosha mwingine nyuma. Anayetangulia ndiye anayeirudia mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo ukitaka kujua kundi lina nguvu kiasi gani, mwangalie yeye anapofika chini, kama goti la mguu aliosimamia linatikisika. Kiti cha chini nyuma, kilichofunikwa na roshani, kinakukata kilele cha mteremko huo. Unaona miguu inachungulia kwanza, kichwa baadaye. Na hicho nacho hakiuzwi bei ya kutupa.

Hata Serenade, baleti ya kwanza aliyoitunga George Balanchine baada ya kufika Marekani, inaanza na wanawake 17 wamesimama kwa mpangilio wenye pembe kali, mkono mmoja umeinuliwa. Ghorofa za juu za David H. Koch Theater, New York, unauona mpangilio wote kwa jicho moja. Chini unaona safu ya kwanza na vichwa vichwa.

Baleti za uso ni habari nyingine. Onegin ya John Cranko (Stuttgart, 1965), Manon ya Kenneth MacMillan (London, 1974) na sehemu ya kwanza ya Giselle zinataka ukaribu, kwa sababu kisa kiko kwenye macho na vidole. Hizo nazikubali kwa kiti cha kati, au kwa darubini nzuri nikiwa juu. Ila mtu asinishawishi kulipa pesa ya safu ya tano kwa ajili ya ziwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najisifu nalo, na sioni aibu. Majumba mengi ya zamani, Royal Opera House ya London (jengo la 1858) na Palais Garnier ya Paris (1875) yakiwemo, yana ukumbi wenye umbo la kwato ya farasi. Viti vya pembeni vinatazama ukumbi wa ng'ambo kuliko jukwaa, na ndiyo maana vinauzwa rahisi: pauni au euro kumi na kitu, vingine ishirini na kitu, kutegemea onyesho. Ukikaa kushoto unapoteza kipande cha kushoto cha jukwaa, hasa kona ya nyuma iliyo upande wako. Ukikaa kulia, unapoteza kulia. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa ni kwamba jumba linauza kushoto na kulia kwa bei moja, ilhali baleti yenyewe haina usawa huo hata kidogo.

Chukua Giselle. Katika matoleo mengi nyumba ya Giselle iko kushoto kwa mtazamaji, na benchi liko hapo hapo mlangoni. Kwenye benchi hilo ndipo anapokaa na mpenzi wake Albrecht, akachuma ua na kulinyofoa petali moja moja kujua kama anapendwa. Anayekaa kushoto kwenye viti vya pembeni analipa pesa ile ile na anasikiliza muziki wa tukio hilo huku akitazama kibanda cha Albrecht ng'ambo, ambako hakuna kinachoendelea. Anayekaa kulia ana benchi lote mbele yake. Ramani ya viti imeandika viti vyote viwili maneno yale yale, kwamba huoni jukwaa lote.

Kwa hiyo kabla ya kununua natafuta kipande cha video cha toleo lile lile la kundi lile lile. Makundi mengi hutoa cha dakika moja au mbili kutangaza msimu. Nyuso zilizovutwa karibu haziniambii kitu. Nangoja picha pana ya jukwaa zima, naisimamisha, naangalia mambo matatu: nyumba, kiti cha enzi au kaburi liko upande gani, kundi linaingilia kona ipi, na kwenye La Bayadère, mteremko unaanzia wapi. Kisha nanunua upande wa pili. Usichukue video ya kundi lingine kwa kudhani Giselle ni Giselle. Kaburi la Giselle kwenye sehemu ya pili linahamahama, kuna matoleo yanaliweka kushoto na mengine kulia, na kama onyesho lina nyumba upande mmoja na kaburi upande mwingine itabidi uchague unataka kutoa machozi kabla ya mapumziko au baada.

Kama video haipatikani, nanunua kulia, kwa sababu ya mizunguko. Wachezaji wengi huzungukia kulia kwao. Mchezaji wa namna hiyo anapomalizia dansi yake ya peke yake kwa mstari wa mshazari, huanzia kona ya nyuma iliyo kulia kwako wewe mtazamaji, akaja akizunguka hadi kona ya mbele kushoto kwako. Ukiwa kulia unaweza kupoteza hatua zake mbili tatu za kwanza. Zote zilizobaki, kasi inapopanda na pale anaposimama ghafla, unazipata. Ukiwa kushoto sana juu, anakuja kuishia chini ya kidevu chako, na ukingo wa roshani unammeza. Kuna wanaozungukia kushoto, na baadhi ya watunzi hugeuza makusudi. Ila kwa kubahatisha, kulia ni kamari nzuri zaidi. Fuete 32 za Odile, yaani mizunguko ya bata maji mweusi juu ya mguu mmoja, zilizoingia kwenye Swan Lake na Pierina Legnani mwaka 1895, huchezwa katikati, kwa hiyo hizo utaziona uwe kushoto au kulia.

Loji za Garnier, vile vyumba vidogo vya watazamaji, zina ujanja wake. Viti vyake si vya kufungwa sakafuni, na cha nyuma kabisa ni rahisi kwa sababu ukikaa huoni. Basi usikae. Simama ukutani nyuma ya wote, upande wa ndani, onyesho zima. Vaa viatu bapa na usiwe na aibu. Ila soma maandishi ya tiketi: kuna viti vinavyouzwa kuwa vinaona nusu, na kuna vinavyouzwa waziwazi kuwa havioni kitu, na wapo wanaovinunua wakidhani jumba linatia chumvi. Halitii.

Kupata tiketi hizi ni rahisi ukienda peke yako. Watu hununua mbili mbili na nne nne, wakiacha kiti kimoja yatima katikati ya safu, na hicho ndicho chakula changu. Wiki ya mwisho tiketi zinarudishwa, moja hapa moja pale, kwa hiyo nafungua ukurasa wa jumba lenyewe asubuhi na usiku, akaunti ikiwa tayari na kadi imeshawekwa, maana kiti hakingoji uandike anwani. London kuna mauzo ya Ijumaa saa saba mchana kwa saa za kule, kwa maonyesho ya siku zinazofuata. Ingia kwenye foleni ya mtandaoni kabla ya saa kufika. Nasisitiza ukurasa wa jumba lenyewe. Wapo wauzaji wa kati wanaojipamba kama jumba, jina linafanana na rangi inafanana, halafu tiketi ya roshani unauziwa bei ya safu za kati, na kiti hujui ni kipi mpaka dakika ya mwisho. Kwa mtu anayechagua upande kwa video, kiti kisicho na namba hakina maana.

Vienna inastahili aya yake. Opera ya Taifa ya kule ina zaidi ya nafasi 400 za kusimama, bei yake haifiki euro 20, na zile za chini ziko nyuma ya viti, katikati kabisa, chini ya loji kuu. Mtu aliyelipa zaidi ya mara kumi ameketi hatua chache mbele yako akitazama kile kile. Zamani nafasi hazikuwa na namba. Kuna vyuma vya kuegemea, na nafasi ziliwekwa kwa skafu. Ukishaingia ulikwenda moja kwa moja kwenye chuma ulichokichagua, ukafunga skafu fundo mbili, kisha ukatoka ukale. Hakuna aliyeigusa. Koti halikufaa, kwa sababu linapelekwa chumba cha makoti. Chuma cha mbele ndicho kinachogombewa, lakini sakafu inapanda kwa ngazi, kwa hiyo safu inayofuata nayo inaona, mradi usiwe nyuma ya mtu mrefu. Watalii wengi huondoka mapumziko ya kwanza. Hapo ndipo nasogea katikati. Siku ya Swan Lake, inayochukua muda wa karibu saa tatu pamoja na mapumziko, egemea kiuno kwenye chuma, si tumbo, na ubadilishe mguu kila muziki unapobadilika.

Kuhusu majina ya wachezaji: ukinunua kwa ajili ya nyota mmoja, jiandae kuumia. Kifundo kikiteguka asubuhi, jioni anacheza mwingine, na majumba hayarudishi pesa kwa mabadiliko ya wachezaji. Royal Ballet hutangaza majina mapema. New York City Ballet hutoa wiki chache tu kabla. Mimi nachagua baleti na jumba, na nyota akija namhesabu kuwa bahati. Safari nayo siipangi Desemba, labda iwe ni Nutcracker, kwa kuwa mwezi huo makundi mengi hayachezi kingine. Wala kati ya katikati ya Julai na mwanzo wa Septemba, kwa kuwa majumba mengi ya Ulaya yamefungwa. Hamburg ni ya mapema kidogo: siku zake za baleti huangukia mwishoni mwa msimu na hufungwa na gala yenye jina la mchezaji Nijinsky, desturi iliyoanza enzi za John Neumeier, aliyekuwa mkuu wa baleti wa kule.

Paris ongeza migomo kwenye hesabu. Desemba 2019 maonyesho yalifutwa kwa ugomvi wa pensheni, na tarehe 24 wachezaji wakacheza kipande cha Swan Lake nje, mbele ya jumba, kwenye baridi. Jumba hurudisha pesa ya onyesho lililofutwa. Nauli na malazi ni juu yako. Ndiyo sababu Paris nachukua malazi yanayoweza kufutwa, na tiketi naiweka usiku wa pili au wa tatu, kamwe si usiku wa kufika. Ndege ikichelewa utakuta milango imefungwa, na mchelewaji haingii mpaka mapumziko.

Darubini: achana na ile ya mara 10. Inatetemeka mkononi, na eneo lake ni dogo kiasi kwamba mchezaji akiruka anatoka nje ya duara, unabaki ukiangalia pazia. Kwenye namba zilizoandikwa juu yake, gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ya 10x25 inakupa mwanga wa upana wa milimita 2.5, ya 6x30 inakupa milimita 5, na kwenye mwanga wa samawati wa usiku wa Giselle tofauti hiyo utaiona mara moja. Itumie kwenye dansi ya mtu mmoja na kwenye kuigiza, kundi likiingia ishushe.

Na Jumamosi yenye onyesho la mchana na la jioni, nunua yote mawili kama yapo. Mara nyingi wachezaji wakuu ni tofauti, mchana hupewa vijana wanaojaribiwa kwenye nafasi kubwa, na tiketi mbili za pembeni bado hazifikii nusu ya kile kiti cha safu ya tano nilichoshauriwa. Mchana mimi hukaa kushoto na jioni kulia, nikaondoka na jukwaa zima na shingo iliyokakamaa pande zote mbili.